Upande wa Pili wa Barabara

Mwenye duka la samani alivuka barabara, akakunja mikono kifuani, akalitazama bango lake jipya kwa muda mrefu. Kisha akacheka. Alicheka polepole, kama mtu aliyeonyeshwa jambo alilolitarajia.

"Fundi," aliita. "Hebu njoo usimame hapa nilipo mimi."

Fundi mabango alishuka ngazi na brashi ikiwa bado mkononi. Alipofika upande wa pili, akageuka. Maandishi yalianza vizuri kushoto, yakaenda sawa hadi katikati ya ukuta, halafu yakaanza kuteremka moja moja. Herufi ya mwisho ilikuwa imekaribia kugusa fremu ya mlango.

"Mimi nauza viti vilivyonyooka," mwenye duka alisema. "Mteja akiona jina lenyewe limelegea hivi, atathubutu kukalia kiti changu?"

Wapagazi waliokuwa wameketi juu ya magodoro mlangoni walicheka.

"Ukuta huu una nundu, bosi. Nitalifuta. Nitaliandika upya."

"Utaliandika upya kwa rangi yako. Mzigo mpya unaingia Jumatatu ijayo. Nikilikuta hivi, nampa mwingine."

Fundi alimtazama binti yake, aliyesimama hatua chache kutoka pale, ameweka mikono nyuma.

Mtu aliye juu ya ngazi halioni bango. Huona herufi moja tu iliyo mbele ya pua yake. Uzi wenye chaki humsaidia kupiga mstari, lakini kuta za mtaa ule zilikuwa na nundu, na mstari ulionyooka ukutani ulionekana umepinda kwa mpita njia. Kwa hiyo, tangu binti yake alipojua kusoma, siku zisizo za shule alikuwa akisimama upande wa pili wa barabara na kumwongoza kwa mikono, maana magari hayakuruhusu sauti kuvuka. Mkono juu: pandisha. Mkono chini: shusha. Mikono yote kichwani: imekaa sawa, endelea. Mafundi wa mtaani walimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha waashi cha kupimia usawa. Nyumbani alikuwa Pima tu. Alikuwa na miaka kumi.

Asubuhi hiyo, kwa kila herufi iliyoteremka, Pima alikuwa ameweka mikono kichwani.

*

"Pima, ulikuwa unatazama nini?" Fundi aliuliza wakati wa chakula.

"Nilikuwa natazama bango, Baba."

"Bango lipi? La ukutani au la ndotoni?"

Pima aliinamisha kichwa juu ya sahani. Chakula alikuwa amekimaliza kabla ya wote, na alikuwa akikitazama cha mdogo wake.

"Mwalimu amemhamishia dawati la mbele," mama yake alisema. Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya sabuni. "Nilikwambia."

"Uliniambia anasinzia darasani."

"Nilikwambia yote mawili, Baba Pima. Ulisikia moja."

Kulikuwa na jambo la tatu, ambalo halikusemwa mezani. Godoro la Pima lilikuwa likianikwa uani kila asubuhi, na doa lake lilionekana na wapangaji wote. Muuza barafu, mwanamke wa chumba cha mbele, alikuwa amelitolea hukumu. "Mtoto mkubwa vile? Anadeka tu. Mnyime maji jioni, utaona." Mama alifuata ushauri huo. Alifunika mtungi, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Alfajiri moja akamkuta Pima uani, amepiga magoti kwenye bomba, anakunywa kwa mdomo kama mnyama. Mama alimpiga kofi la mgongo. Pima hakulia. Aliinuka, akafuta kidevu, akasema, "Samahani Mama, nilikuwa na kiu," na macho yake yakarudi kwenye bomba.

"Kampime macho," Mama alisema sasa. "Huenda haoni."

"Pima, huoni?"

"Naona, Baba."

"Anaona," Fundi alisema.

"Kampime."

*

Duka la mpima macho lilikuwa chumba chembamba chenye kioo na ubao wa herufi. Mpima macho alikuwa kijana mpole, asiyependa maneno mengi. Alimwonyesha Pima ubao. Pima alisoma herufi moja ya juu, kubwa kuliko kiganja, kisha akanyamaza. Fundi alihisi uso wake ukipata moto.

Siku miwani ilipokuwa tayari, Pima alitoka nayo mlangoni akasimama kama mgeni aliyeshuka mji asioujua. Alisoma mtaa mzima kwa sauti. Vipuri vya pikipiki. Tunanoa visu. Usitupe taka hapa. Alisoma hata tangazo lililobandikwa kwenye nguzo, akalikosoa.

"Hiyo nani kaiandika, Baba? Ameiminya herufi ya mwisho."

"Nafasi ilimwishia. Hakupima."

"Wewe hupima."

"Mimi nina wewe," Fundi alisema, na siku hiyo alipiga mluzi hadi nyumbani.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Jumamosi, ukuta wa duka la samani ulipokuwa umepakwa nyeupe tena na mstari wa chaki umepigwa, Fundi alipanda ngazi, akaandika herufi ya kwanza, akageuka. Pima alikuwa ameshuka ukingoni. Alikuwa ameinama mbele, amekunja uso, anausogelea ukuta. Hatua moja, kisha nyingine. Baiskeli iliyobeba kreti za soda ilimkwepa kwa upana wa kiganja, na mwenye baiskeli akamtukana yeye, baba yake na aliyemfundisha kutembea.

Fundi hakukumbuka alivyoshuka. Alimshika bintiye mkono, akamvuta ukingoni.

"Miwani umeivaa ya nini?"

"Kuna ukungu, Baba."

Fundi aliivua ile miwani, akaifuta kwa shati, akamvika tena. "Na sasa?"

"Ukungu."

Mama alikuwa ndiyo kwanza anafika na chakula cha mchana. Alisimama na bakuli mkononi, akamtazama mumewe, akamtazama mtoto.

"Twende," Fundi alisema. "Yule kijana leo atanieleza vizuri."

*

"Umeniuzia vioo vya dirisha," Fundi alimwambia mpima macho mbele ya wateja wawili waliokuwa wakichagua fremu. "Nimevaa viatu hivi miaka mitatu ili huyu apate miwani. Hata wiki haijaisha."

"Naomba akae pale, mzee."

Alimpima Pima upya. Alibadilisha vioo vidogo kwenye fremu ya kupimia, kimoja baada ya kingine, akauliza, kipi bora, hiki au hiki. Alipomaliza aliviondoa vioo vyote. Kisha akaanza tena tangu mwanzo. Wateja wawili waliacha kuchagua.

"Miwani ndiyo ileile niliyowapa," alisema hatimaye. "Kilichobadilika ni macho. Yamebadilika sana."

"Macho ni kucha, yakue kwa wiki?"

"Hapana, mzee. Ya mtoto mwenye afya hayafanyi hivi. Ndiyo maana nataka kuuliza." Alimgeukia mama. "Anakunywa maji sana?"

Mama alimtazama Pima. Bakuli lilikuwa bado mikononi mwake.

"Anakunywa," alisema.

"Anakojoa usiku?"

Pima aliyatazama magoti yake.

"Anakojoa."

"Amepungua mwili?"

"Sketi ya shule nimeikaza kwa pini."

Mpima macho alivuta kiti, akakaa ili wawe sawa kwa kimo. "Ndani ya jicho kuna kioo kidogo. Sukari ikizidi katika damu, kile kioo huvimba. Leo kiko hivi, wiki ijayo kiko vile, na miwani haiwezi kukifuata. Sina kipimo cha damu hapa. Sisemi ndiyo, ila mpelekeni hospitali sasa hivi. Mkifika, semeni apimwe sukari. Msisubiri kesho."

Fundi alitikisa kichwa, karibu atabasamu. Yeye mwenyewe alikuwa fundi, na alikijua kisingizio anapokiona. Ni wiki moja tu iliyopita alimwambia mwenye duka la samani kwamba ukuta una nundu.

"Umeona?" alimwambia mkewe walipotoka. "Ameharibu kazi, sasa anausingizia ukuta."

"Hakusingizia. Amejuaje habari ya maji?"

"Mtoto gani hanywi maji? Na sukari ni ugonjwa wa watu wazima wenye vitambi. Mtazame huyu, amekonda kama mpini wa brashi."

"Ndiyo," Mama alisema. "Mtazame."

Fundi alimtazama. Pima alikuwa ameegemea nguzo ya umeme, amefumba macho juani. Shingo ilikuwa imekuwa ndefu. Mifupa ya mabega ilionekana chini ya gauni. Mama aliinama kumrekebisha kola, na pumzi ya mtoto ikampiga usoni, tamu na nzito, kama matunda yaliyosahauliwa kapuni. Alikuwa ameinusa kwa siku kadhaa. Alidhani mtoto anadokoa pipi.

"Tutampeleka kesho asubuhi na mapema," Fundi alisema. "Leo nikiliacha lile bango, nalikosa."

"Basi nenda ukaandike."

"Mama Pima, sijakataa, nasema tu—"

"Na mimi sijakulazimisha. Nenda." Alimpa lile bakuli la chakula, akamshika mtoto mkono. "Pima, unaweza kutembea?"

"Naweza, Mama."

Waliondoka. Pima alitembea polepole sana, na mama yake alikuwa akimsubiri kila baada ya hatua chache.

*

Fundi alipanda ngazi. Aliandika herufi ya pili. Mkono wake ulikuwa imara kama siku zote; alivuta pumzi, akaizuia, akapitisha brashi, akaitoa. Kisha akageuka kutazama upande wa pili wa barabara.

Pale aliposimama Pima siku zote palikuwa na mkokoteni mtupu.

Alirudi ukutani. Alichovya brashi. Aligeuka tena, ingawa alijua hakuna mtu. Rangi ilidondoka juu ya kiatu chake. Alikumbuka shingo ile ndefu, na pini ya sketi ambayo yeye hakuwa ameiona.

Alishuka.

"Umemaliza?" mwenye duka aliuliza.

"Nakwenda hospitali. Binti yangu anaumwa."

"Pole. Na bango?"

"Nitakuja nilimalize."

"Mzigo haumsubiri mtu, fundi. Nilikwambia."

"Basi tafuta mwingine," Fundi alisema. Ngazi aliiacha imeegemea palepale.

*

Aliwakuta wodi ya watoto. Pima alikuwa amelala chali, dripu mkononi, anavuta pumzi ndefu na za haraka kama mtu aliyetoka mbioni. Aliitwa jina, akafumbua macho, hakumwona baba yake, akayafumba.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye nywele za mvi, aliyezungumza kwa sauti ya chini. Kipimo, alisema, kilishindwa hata kutoa namba, kikaandika tu kwamba sukari iko juu mno. "Mngemleta kesho, baba, huenda leo usiku tungempoteza."

Fundi alikaa kwenye benchi. Aliikunja kofia yake mara mbili.

"Ni rangi, daktari? Tangu mdogo ananusa rangi zangu."

"Siyo rangi."

"Ni chai?" Mama aliuliza. "Huwa namwekea sukari."

"Siyo chai, mama, wala pipi. Mwili una kiungo kinachotengeneza insulini, dawa yetu wenyewe ya kuipeleka sukari inapotakiwa. Kwake kiungo hicho kimeacha kazi. Tutampa insulini kwa sindano kila siku, na ataihitaji maisha yake yote. Hakuna aliyemlisha ugonjwa huu."

Mama alikuwa amesimama. Alilishika kwa nguvu pindo la khanga yake.

"Nilimnyima maji," alisema. "Alipiga magoti kwenye bomba, nikampiga."

Fundi alimtazama mkewe, kisha sakafu.

"Hukujua," daktari alisema. "Sasa umejua. Akiomba maji, mpe."

Siku ya tatu Pima aliketi kitandani. Daktari alimmulika macho kwa tochi ndogo, la kushoto, la kulia, akarudi tena la kulia. Aliwaita wazazi wasogee. Ndani ya mboni ya kulia kulikuwa na wingu dogo la kijivu.

"Huo ni mtoto wa jicho," alisema.

"Si wa wazee huo?" Fundi aliuliza.

"Kwa kawaida. Mara chache huwapata na watoto wenye sukari, na wakati mwingine ndiyo dalili inayotangulia. Jicho hili huenda likahitaji upasuaji. La kushoto litatulia. Lakini dawa ikianza kazi, macho yatayumba tena kwa wiki kadhaa. Vitu vya karibu ndivyo atakavyoviona kwa ukungu. Msimnunulie miwani kwanza. Na msiogope."

Alipoondoka, Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameliandaa swali lake kwa siku mbili, na lilipotoka lilikuwa dogo.

"Kwa nini hukuniambia huoni?"

Pima alicheza na ncha ya shuka. "Ungemchukua mtoto wa fundi baiskeli."

"Nani?"

"Yule. Anaona mpaka namba za magari yaliyo mbali. Ulisema anafaa."

Fundi alikuwa amesema. Alisema kwa mzaha, siku moja, akiwa na rangi mkononi na hasira kidogo.

"Sasa ulikuwa unafanyaje, mwanangu?"

"Herufi sikuziona. Wewe nilikuona kidogo. Mkono wako ukiacha kwenda, najua umemaliza. Naweka mikono kichwani."

Fundi aliinuka, akaenda dirishani, akasimama pale akiupa ukuta wa jirani uso wake. Ulikuwa ukuta mbaya, wenye nundu nyingi.

*

Insulini hukaa mahali penye baridi. Katika nyumba nzima ya wapangaji, friji lilikuwa moja, la muuza barafu. Mama alikwenda kumwomba, na muuza barafu alimwacha asimame mlangoni.

"Inaambukiza?"

"Haiambukizi, dada."

"Maana watu wanakula barafu yangu. Wakisikia nimeweka dawa za wagonjwa humu, nitauza kwa nani?"

"Ni vichupa viwili tu. Nitavitia kwenye bakuli lenye kifuniko."

Muuza barafu alivitazama vile vichupa. Vilikuwa vidogo kuliko kidole gumba. Macho yake yakaenda uani, pale ambapo godoro lilikuwa likianikwa.

"Yale maji," alisema. "Niliyokwambia umnyime."

"Ndiyo."

"Sikujua."

"Hata mimi."

Muuza barafu alisogeza mifuko ya barafu kwa kishindo kikubwa kuliko ilivyohitajika, akaonyesha rafu ya chini. "Weka pale. Na mwambie mumeo aniandikie jina ukutani. Watu wananipita kila siku."

Sindano alipiga Fundi. Mama alijaribu mara ya kwanza, akashindwa, akamwachia. Mistari ya kwenye bomba la sindano ilikuwa myembamba kuliko mstari wowote aliowahi kuuchora. Aliisogeza dirishani kwenye mwanga, akavuta dawa hadi kwenye alama, akapiga kucha kutoa hewa, kama muuguzi alivyomwonyesha. Kisha akavuta pumzi, akaizuia, kama afanyavyo kwenye ukingo wa herufi.

"Imeingia?" Pima aliuliza.

"Imetoka zamani."

"Haya."

Bango la duka la samani lilimaliziwa na mtu mwingine. Lilinyooka. Kila walipopita hapo, Fundi alilitazama na kunyamaza, na Pima, aliyejua sababu, hakuuliza linasomekaje.

*

Asubuhi ya kuandika ukuta wa muuza barafu, kabla ya kupanda ngazi, Fundi alimwita binti yake.

"Kuna ishara moja hatukuwa nayo."

"Ipi?"

"Nionyeshe pandisha." Pima akainua mkono. "Shusha." Akaushusha. "Sawa." Akaweka mikono kichwani. "Sasa nionyeshe, sioni."

Pima alifikiri. Kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Hiyo," Fundi alisema. "Ukinifanyia hiyo, nashuka. Hata kama ni mara kumi. Na sitakwenda kumwita mtoto wa fundi baiskeli."

"Hata kama anaona namba za magari?"

"Sisi hatuandiki magari."

Mama alimvusha barabara, akakaa naye ukingoni. Fundi aliandika herufi ya kwanza, akageuka. Pima alifumba jicho la kulia, akatazama. Akafumba la kushoto, akatazama, akatikisa kichwa. Akarudi kwenye lile linaloona. Akainua mkono. Fundi akapandisha kidogo. Mikono ikaenda kichwani. Herufi ya pili ilikuwa sawa. Ya tatu pia.

Kisha jua likapanda juu ya mapaa na kuupiga ukuta mweupe, ukang'aa hadi kuumiza macho. Fundi alipogeuka kwa herufi ya nne, aliyokuwa ameichora kwa chaki tu, Pima alikuwa amesimama wima kabisa, viganja vyote viwili usoni.

Muuza barafu alikuwa mlangoni kwake. "Mbona anaziba uso? Imekuwa mbaya hivyo?"

"Ananiambia haoni."

"Sasa?"

"Sasa nashuka."

Muuza barafu alirudi nyuma akausoma ukuta. "Fundi, utaniachia BAR? Watu watakuja kuniulizia bia."

"Waambie bado hujafungua."

Fundi aliifunga rangi, akaiweka brashi ndani ya kopo, akavuka barabara. Pima alimsikia anakuja lakini hakuondoa mikono. Mabega yake yalikuwa yamejikaza, yanasubiri.

Baba yake aliketi ukingoni, kati yake na mama yake, akamvuta taratibu akaketi naye.

"Bado?" aliuliza.

"Bado, Baba."

"Haya. Tukae."